Nafasi Nyuma ya Kisigino

Juzi binti yangu alirudi nyumbani na sandali mpya za kupandia mlima. Alipofungua boksi, harufu ya mpira ilijaa sebuleni. Alizivaa, akaniuliza kama zinamtosha. Nilipiga magoti na bila kufikiri nikaingiza kidole nyuma ya kisigino chake.

"Mama, mimi si mtoto," akacheka. "Huu mguu hauongezeki tena!"

Nilicheka pia, lakini harufu ile ilikuwa imeshanifikisha Kianjai, kwenye kibanda cha fundi wa akala, zile ndara za matairi.

Nyanya yangu alinipeleka kwa fundi huyo jioni, watu wakianza kufunga biashara. Asubuhi alikataa katakata. Alisema mguu huvimba ukitembea, na anayepimwa asubuhi atalia kabla ya saa nane. Kwa hiyo alinizungusha sokoni mpaka nyayo zikawaka moto, ndipo akanisimamisha juu ya kipande cha tairi. Fundi alikuwa Mmbeere wa kutoka Siakago, asiyejua lugha yetu, ikabidi waelewane kwa Kiswahili, lugha ambayo nyanya aliizungumza kama mtu anayepasua kuni. Fundi akauzungushia mguu wangu chaki.

"Ongesa," nyanya akasema.

"Nikiongeza, mama, huyu atatembea kama bata."

"Wacha atembee kama bata. Ongesa huko nyuma. Na hiyo mkanda utoboe matundu mingi."

Alizilipia kwa jogoo wake, ambaye aliwika kibandani kana kwamba amefurahia bei. Mimi sikufurahia chochote. Nilijua kwa nini ninapimwa. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa Timau, alikuwa amejifungua, na baba alikuwa ameamua niache darasa la tatu nikamlelee mtoto kwa muda. Muda gani, hakuna aliyeniambia. Sasa nilikuwa nauona kwa macho yangu: vidole vitatu vizima nyuma ya kisigino. Niliamini nitarudishwa siku mguu wangu utakapoijaza nafasi ile. Nyanya amenipimia kifungo, niliwaza, na nikamchukia.

Tulitembea na baba, blanketi na maharagwe mgongoni, tukalala njiani kwa waumini wa kanisa letu. Nilikuwa nimekaza mikanda hadi tundu la mwisho na kushindilia kitambaa nyuma, lakini bado akala zilipiga kelele kila hatua na kuzoa changarawe. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi. Baba aliniacha kwa shangazi, akageuka bila kuketi sana.

Nisimseme shangazi vibaya. Nilikula nikashiba. Alinipa buti za mpira za kukanyagia matope, akaniambia, "Hizo ni zangu, usizitoe nje ya boma." Nje ya boma kulikuwa na ngano pande zote, imenipita kimo, na juu yake upepo mtupu. Mlango haukuwa na kufuli, lakini nilijihisi nimefungiwa. Nikiwa na mtoto mgongoni nilisikia watoto wa shule wakiimba hesabu, nami nikaimba nao kimyakimya mpaka walipofika kwenye zile ambazo sikuwahi kufundishwa. Nilipouliza nitasoma lini, shangazi alisema mtoto akianza kutembea. Mtoto akatembea, na mwingine akazaliwa.

Jioni za Jumapili, miguu ikiwa imechoka kama nyanya alivyotaka, nilizitoa akala chini ya kitanda na kuingiza vidole. Vitatu vikawa viwili. Baadaye kikabaki kimoja, nami, kwa furaha, nikawa siwezi kula. Jioni ambayo kisigino kiligusa ukingo, nilienda nazo hadi jikoni, nikasimama mbele ya shangazi.

"Zimenitosha," nikasema.

Alizitazama. "Vizuri. Lakini vaa buti, ng'ombe hawajapewa maji."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna mtu aliyekuwa anahesabu pamoja nami. Nililia zizini, ng'ombe wakinitazama.

Asubuhi, shangazi akiwa na wanawe jikoni, niliziosha buti zake na kuzipanga mlangoni, nikavaa akala nikaondoka. Barabarani niliwakuta akina mama wa kanisani wakipeleka viazi Meru kwa miguu, njia ya kwetu. Walitazama miguu yangu, wakasema huyu amevaa za safari, hatatuchelewesha. Na kweli, zilinishika vizuri kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa tangu hapo.

Nyumbani nilimkuta nyanya uani akipepeta maharagwe. Hakunitazama usoni. Aliinama, akajaribu kuingiza kidole nyuma ya kisigino changu, kikakataa kuingia, naye akakaa chini kwenye vumbi akalia. Usiku baba alifoka kwamba lazima nirudishwe.

"Akala zake zimekwisha nafasi," nyanya akamwambia. "Ukitaka kumrudisha, mbebe."

Baba hakunibeba. Nilirudi darasa la tatu, nikawa mrefu kuliko kila mtu, hata kuliko mwalimu wa kike aliyetufundisha nyimbo.

Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe, kuelewa alichofanya. Nyanya aliishi kwa mwanawe na hakuwa na kauli juu ya wapi nitapelekwa. Alijua maana ya "kwa muda", na alijua hakuna atakayekuja kunichukua. Alijua pia kwamba mguu wa mtoto hukua, na kama angenipimia za kunitosha, siku nitakapopata akili ya kuondoka ningekuwa sina cha kuvaa isipokuwa buti za mwenye nyumba. Nami nilimchukia njia nzima ya kwenda.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, mguu mmoja mbele, akingoja jibu. Nilimwambia azirudishe dukani, azunguke mjini mpaka jioni, kisha achukue kubwa zaidi.

"Lakini hizi ni sawa kabisa, Mama."

"Za kwendea, ndiyo," nikamwambia. "Mimi napima za kurudia."