CID wa Kompyuta, Mtaa wa Jericho

Pale Jericho, mtaa wa Nairobi, watu wengi hawakumwita Mativo Nzuki kwa jina lake. Walimwita CID, yaani mpelelezi wa polisi. Jina hilo alilipata mwaka wa 1983, wakati kampuni ya vipuri vya magari aliyofanyia kazi Industrial Area iliponunua kompyuta yake ya kwanza, mashine kubwa kama kabati la nguo. Mativo alikuwa karani wa stoo kwa miaka kumi na minne. Meneja, Bwana Samatar, akamfanya msimamizi wa usalama wa mashine hiyo kwa sababu moja tu: katika miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata ufunguo.

Cheo kilimwingia. Alinunua mkoba wa ngozi wenye kufuli ndogo. Alianza kuongea kwa sauti ya chini, hata akiagiza nusu kilo ya nyama buchani. Jirani akimuuliza kompyuta hufanya nini hasa, alitazama nyuma yake kwanza, kisha akajibu, "Mambo mengi." Vijana wa mtaa wakimwona anapita na mkoba wake walisema, "Mazee, CID huyo," halafu wakasimama wima kama askari. Yeye alidhani ni heshima.

Kazini alibandika sheria ishirini na tatu ukutani. Nyingine zilikuwa za maana, nyingine zilikuwa za Mativo. Neno la siri la kufungulia mashine lilibadilishwa kila Jumatatu, na alilitunga mwenyewe: herufi nane zisizo na maana yoyote, ukilitamka unadhani mtu amepiga chafya. Ilikatazwa kuliandika popote.

Aliyeumia zaidi na sheria hiyo ni Rispa, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Makadara. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa habari za vipuri kwenye kompyuta, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote pale. Siku moja Mativo alilikuta neno la wiki hiyo limeandikwa nyuma ya kitabu cha Rispa cha nyimbo za kanisani.

"Mwizi akilisoma hili?" akamuuliza.

"Bwana Mativo, mimi mwenyewe nikilisoma silielewi. Mwizi atalielewaje?"

"Hilo ndilo lengo," akasema Mativo, akamwandikia barua ya onyo.

Tangu siku hiyo Rispa hakumwambia Mativo jambo lolote ambalo hakuulizwa. Wenzake nao walijifunza. Mtu akibonyeza asipopaswa, alitazama huku na huku, akarekebisha alivyoweza, akanyamaza. Mativo aliuona ule ukimya akafurahi sana. Katika ripoti yake kwa Bwana Samatar aliandika kwamba kwa miezi minane hakukuwa na kosa hata moja.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kumi na mbili. Kila fomu iliyokwisha kuchapwa ilipaswa kuchomwa siku ya Ijumaa ndani ya pipa nyuma ya kantini, ili wapinzani wa kampuni wasije wakaziokota. Okoth wa stoo ndiye aliyewasha moto. Mativo alisimama kando, mikono nyuma, akiutazama moshi mpaka uishe.

Kulikuwa pia na kanda. Kila Ijumaa alasiri habari zote za mashine zilinakiliwa kwenye kanda moja pana, iliyokaa ndani ya kasha la plastiki la mviringo. Fundi aliyeleta mashine alimshauri awe na kanda tatu au nne.

"Nakala nyingi ni milango mingi ya mwizi," Mativo akamjibu. "Moja inatosha. Na haitalala hapa."

Kwa hiyo kanda ililala Jericho. Aliifungia ndani ya mkoba, akaipeleka nyumbani kwa miguu kupitia Jogoo Road, akaiweka juu ya kabati chumbani. Mkewe, Mukai, alipouliza ni nini, alijibiwa, "Vitu vya kazi." Mukai akaona kama hataki kusema basi, naye ana kazi zake.

Jumatatu moja ya Machi, mwaka uliofuata, stima ilipotea Industrial Area mara tatu asubuhi moja. Iliporudi mara ya tatu, kompyuta ilinguruma kidogo, ikatulia. Fundi aliitwa. Alifungua, akachungulia, akaunganisha hiki na kile, na kufikia saa sita mchana mashine ikawaka vizuri kabisa. Ila haikujua kitu. Vipuri elfu nane, rafu zake na wateja wake, vyote vilikuwa vimefutika.

"Hakuna neno," Mativo akasema mbele ya watu wote. Hii ndiyo siku aliyoisubiri tangu apewe cheo. "Ninayo kanda."

Alikwenda nyumbani karibu anakimbia. Juu ya kabati hapakuwa na kitu.

"Mama Mbeti! Kile kitu changu cha mviringo kiko wapi?"

Mukai alikuwa jikoni. "Kile chombo cha plastiki? Kiko hapa. Kimefanya kazi nzuri Jumamosi."

"Kazi gani?"

"Si akina mama wa kanisa walikuja? Ukiweka chapati mle ndani hazipoi. Mmoja wao, Benta, ameniuliza kinauzwa duka gani."

Mativo alikuja jikoni akakifunua. "Na kilichokuwa ndani?"

Kilichokuwa ndani kilikuwa barazani, kwenye kikapu cha Munyoki, ndugu yake Mukai, ambaye alichonga vinyago na kuviuza kwenye maduka ya mjini. Munyoki alikuwa amekaa papo hapo akimpiga msasa twiga wa mbao. Kanda ililala katikati ya vifaru wawili, imefunikwa na vumbi la mpingo mpaka ndani kabisa ya mizunguko yake.

"Shemeji," Munyoki akasema, "kama ni hiyo unatafuta, nilitaka kukuomba. Ule utepe unafungia mizigo vizuri. Nimekata kidogo tu."

Mativo alimgeukia mkewe. Alifungua mdomo amlaumu.

"Baba Mbeti," Mukai akamwahi, kwa upole, "uliniambia lini kwamba ni kitu cha maana?"

Mativo alisimama barazani na kanda mkononi akitafuta tarehe aliyomwambia, na hakukuwa na tarehe.

Njiani kurudi alitunga uongo. Mpaka afike mzunguko wa barabara alikuwa na hadithi nzuri: vijana wawili karibu na Makadara, kisu, mkoba umenyakuliwa. Alikuwa hata amechagua rangi ya shati la mmoja wao. Kilichomharibia ni mkoba wenyewe, ambao alikuwa ameubeba. Alifikiria kuutupa mtaroni. Akasimama kando ya mtaro huo kwa dakika kadhaa, mtu mzima mwenye tai, na mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa akamuuliza kama anaumwa.

Ndipo akamkumbuka Rispa na ile barua ya onyo. Msichana alikuwa ameandika neno moja kwenye kitabu chake. Yeye, mwenye sheria ishirini na tatu, alikuwa amebeba kampuni nzima akaiweka juu ya kabati bila kumwambia hata mkewe. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

Alipofika, wafanyakazi walikuwa wamekusanyika stoo pamoja na Bwana Samatar. Wateja walikuwa wamejaa kaunta na hakuna aliyejua kipuri kipi kiko rafu gani. Mativo aliinua kanda juu, vumbi likamwagika kwenye mkono wa koti lake.

"Kosa ni langu," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima sauti yake ilisikika mpaka nyuma. Akaeleza yote: kabati, akina mama wa kanisa, chapati, twiga. Alipofika kwenye chapati mtu mmoja alikohoa. Kwenye twiga, Bwana Samatar mwenyewe aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Rispa na Okoth walitazamana.

"Bwana Mativo," Rispa akasema, "mtu akiwa amevunja sheria yako ya kumi na mbili, atafanywaje?"

"Leo? Hakuna mtu nitakayemfanya kitu leo."

Rispa akaingia chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake, akatoka akikokota katoni. Okoth akamfuata na nyingine, kisha nyingine. Zilikuwa tisa. Juu ya kila moja paliandikwa kwa kalamu nyekundu SUMU YA PANYA, na ndani mlikuwa na fomu zote, zimepangwa kwa tarehe, tangu siku ya kwanza.

"Lakini zilichomwa!" Mativo akasema. "Nilisimama pale nikaona moshi!"

"Uliona magazeti, mzee," Okoth akasema. "Magazeti yana moshi mzuri."

Rispa hakucheka. "Wiki ya kwanza tu ya kazi nilifuta habari za siku nzima kwa bahati mbaya. Niliogopa kukwambia. Bila zile fomu ningefukuzwa. Tangu hapo nikaona afadhali sumu ya panya."

Iliwachukua siku kumi na moja kurudisha kila kitu. Walichapa kwa zamu, na Mativo naye alikaa kwenye kiti, akabisha herufi kwa kidole kimoja kama mtu anayebisha mlango wa bosi. Siku ya tatu Rispa alimwomba, kwa heshima zote, awe anawasomea fomu tu.

Bwana Samatar alimwandikia Mativo barua ya onyo, akamwachia kazi. Mativo alizing'oa zile sheria na akabakisha tano. Alimwomba Rispa awe naibu wake na akairarua mbele yake ile barua ya onyo aliyomwandikia. Kanda zikawa nne, mbili zikakaa kwenye sefu ya benki, na kila mtu aliyehusika akaambiwa ni nini. Kila Jumanne walikaa pamoja kwa nusu saa, kila mmoja akisema alichokosea wiki hiyo au alichokaribia kukosea. Mativo alianza yeye, na hakuwahi kukosa la kusema.

Mwaka wa 1986 mtu mmoja mtanashati alifika ofisini mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Alijitambulisha kuwa fundi mpya wa kompyuta, akaomba afunguliwe chumba cha mashine. Aliyekuwapo ni Kezia, mama wa chai. Kezia akamkalisha, akafunga mlango kwa nje, akaenda kantini kumwita Mativo. Walipopiga simu kwa kampuni ya mafundi, jina hilo halikujulikana huko, na polisi wakaja kumchukua.

"Ulijuaje si fundi?" Mativo akamuuliza.

"Alinisalimia," Kezia akasema. "Akaniita madam. Hawa mafundi wenu miaka yote hii wanapita hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona."

Mativo alikumbuka kwamba yeye pia alikuwa akipita hapo bila kumsalimia. Kisha akamwambia kwamba kuanzia Jumanne inayokuja awape watu chai mapema, akae nao mkutanoni. Kezia akauliza kama ni lazima aseme makosa yake pia.

"Ni lazima," Mativo akasema. "Uanze na sukari ya chai yangu."