Emejensi ya Nani?

Nilipokuwa mdogo kwetu Kerenge, nzige walishuka wakakaa juu ya mtama mpaka mabua yakalala. Tulipiga masufuria kuwafukuza. Mama alikuwa na sufuria moja tu, ikatoboka siku ile, akaisema mpaka anaingia kaburini; nzige wenyewe alishawasamehe. Nayataja haya kwa kuwa zamani kila taabu iliitwa kwa jina lake: nzige, njaa, moto, mafuriko. Neno la kuzibeba zote nilikuja kulikuta kazini, nilipoajiriwa dereva wa lori karakana ya Korogwe, mimi niliyeishia darasa la pili.

Siku ya kwanza Mkuu wa Karakana, Mzungu mwenye goti bovu, alinikabidhi hendeli, chuma cha kuzungushia injini ipate kuwaka. Akasema nikisikia "emejensi" nisiulize kitu, niondoe gari. Stoo ya mafuta itafunguliwa bila sahihi. Alilitamka kwa nadra: daraja limezolewa, mama amekwama na uzazi mlimani. Uhuru ulipokuja, Mshambaa aliyeshika nafasi yake naye alilitunza kama dawa kali. Hupewi kwa mafua.

Kisha nikapelekwa Handeni, watu wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa. Bwana Msimamizi wa Uhamisho, kijana msomi, mpole, alilitumia asubuhi na jioni. Saruji emejensi, mgeni emejensi, mbuzi wa mgeni emejensi. Sisi madereva mtu akikimbilia chooni tulimwambia, haya, emejensi hiyo.

Ikawa hivyo mpaka tulipofika Sindeni kumhamisha Mzee Mhando. Mahindi yake yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunwa, na nguruwe mwitu wanayavizia. Shamba lisilo na mlinzi huko hulikuti tena. Aliomba wiki moja avune. Msimamizi akamwamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akakataa.

"Hii ni emejensi, mzee."

"Ndiyo nini, mwanangu?"

"Taabu isiyongoja."

"Ya nani?"

Msimamizi akatazama lori. "Ya serikali."

"Basi mpakie serikali. Mimi nikishavuna nitakuja kwa miguu."

Watu wakacheka, hata mkewe aliyekuwa juu ya gari na kuku wake. Msimamizi hakucheka. Akaamuru kitanda kipakiwe, na mzee naye. Hakupigana.

Sasa nimestaafu, nakaa Kabuku natazama magari ya wenzangu. Vijana huniuliza neno lile maana yake nini. Kimombo sikijui, ila nawaambia, mtu akikutamkia, swali la mzee ndilo la kuuliza kwanza.

Siku ile ya Mzee Mhando tulifika kijiji kipya jua likizama. Nikawa naongeza maji kwenye rejeta. Mzee alishusha kitanda, akamfungia mkewe turubai, akahakikisha halivuji. Halafu akachukua panga na magunia.

"Baba Zaina, giza hilo linaingia," mkewe akamwambia.

"Nguruwe nao wanaliona."

Akapita mbele ya lori langu, akashika njia tuliyojia, kurudi shambani kwake. Mkewe akamwekea ugali, akaufunika. Mzee hakurudi tena.