Muuza Maziwa na Mtawala Aliyekimbia

Yule mama anayeniuzia maziwa hapa Nainokanoka, Umasaini ninakofundisha, hukinusa kibuyu kabla ya kukifungua, kisha humimina kidogo kifunikoni akanywa mwenyewe, nione kwamba maziwa ni mazuri. Vidole vyake vina weusi usiotoka, wa mkaa wa kusafishia vibuyu. Tangu mwanawe alipouawa kwenye vita vya Uganda, sauti yake imeshuka, na mara nyingi husahau ameanza kusema nini.

Juzi tulikuwa dukani kwa Piusi, redio ikieleza kwamba yule mtawala aliyetuletea vita amekimbilia nchi za nje. "Aletwe, ashtakiwe, anyongwe!" Piusi akasema. Mama akamgeukia. "Kwetu mtu akiua, ukoo wake hulipa ng'ombe. Huyu akinyongwa, nani atanilipa?" Piusi akacheka, akamwita mama kwa Kimasai: "Yeyo, hiyo ni kesi ya serikali, siyo ya boma." "Kwani serikali ndiyo iliyofiwa?" Nilianza kumweleza habari za mahakama, nikajikuta sielewi ninachoeleza. Naye hakuwa na msimamo. Mara anyongwe, mara alipe, mara hata hao ng'ombe hataki kulipwa, maana ukishawapokea huna ruhusa tena ya kukasirika. Aliifuta midomo ya vibuyu vyake kwa shuka, kimoja kimoja. "Mwalimu, huyo mtu ana mama?" "Sijui, yeyo." "Basi uliza," akasema, "uniambie kabla hawajamnyonga."