Bweni la Watu Nisiowajua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wiki yangu ya kwanza katika chuo cha ualimu, nilipokataa kufyatua matofali. Hapa Ladywood, mtaa wa huku ughaibuni, ukungu wa asubuhi unapofunika madirisha ya ghorofa ya kumi na moja, uwanja wa chuo kile hunijia mzima, watu wake wakitembea polepole bila sauti.

Mkuu wetu alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo kile. Alikuwa mtoto wa mpagazi, na alianza kusoma akiwa tayari ana ndevu. Wazungu walimwachia madarasa mawili na paa linalovuja. Yeye akaweka desturi: kila mwanafunzi mpya afyatue matofali mia ya bweni la watakaokuja baada yake. Kila alasiri alivua koti, akakanyaga udongo pamoja nasi.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na shati langu lilikuwa jeupe. Nikasema mbele ya wenzangu kwamba sikuja pale kuwajengea watu nisiowajua.

"Jamani, mpisheni Bwana Shati, asichafuke," mmoja akasema, wakacheka.

Mkuu hakukasirika. Aliniuliza, "Umelalaje wiki hii, kijana?"

"Vizuri, Mwalimu."

"Waliojenga chumba unacholala hawakujui."

Akachukua kalibu yangu, akaanza kufyatua matofali yangu, mtu mzima yule, moja baada ya jingine. Samahani ilifika kooni ikarudi. Kesho yake nikafunga sanduku, nikaenda nyumbani.

Baada ya majuma mawili ilikuja barua ya mkono wake, mstari mmoja tu: kitanda chako bado kipo. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Sikujibu. Sikuwa na kinyongo naye, la. Niliona aibu kuingia lango lile wenzangu wakinitazama. Muhula ukaisha, kitanda akapewa mwingine, na ualimu nikaukosa. Nimeendesha mabasi katika mji huu miaka mingi. Ni kazi halali, siilaumu. Mkuu alipofariki, niliambiwa amezikwa pale pale chuoni, katikati ya mabweni saba. Katika mojawapo kuna matofali mia yaliyokuwa zamu yangu, na sikugusa hata moja.

Mwanangu, ukikosea mbele za watu, rudi mbele za watu hao hao, na urudi mapema. Aibu ya kurudi ingenichoma siku mbili tatu. Hii niliyoichagua nimezeeka nayo. Na ukipewa kazi ambayo faida yake ataipata mtu usiyemjua, ifanye, kwa sababu wewe pia umefanyiwa.

Mungu akupe wepesi wa kuomba radhi. Na siku utakayochelewa, akujaalie ukute mtu bado anakungoja.