Vibao Juu

Sikumaliza darasa la tano. Nalisema mapema ili mtu asinitafutie diploma. Nimechimba dhahabu Nizi, nimepakia malori Iga Barrière, nimelala katika nyumba za watu ambao hata majina yao sikuuliza. Mwaka niliorudi Bunia, dada yangu mkubwa alikuwa amekimbia vita huko Djugu na kupanga chumba mtaani Mudzipela. Binti yake wa miaka kumi alikuwa karibu kufukuzwa shule.

Mtoto huyo hasikii vizuri. Homa ya utotoni ilimwachia sikio moja tu, na hilo nalo hushika sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya gunia. Lakini barua ya mwalimu wa darasa la nne haikutaja sikio. Ilisema anakopia kwa wenzake, ameonywa, haachi. Ijumaa angeondolewa.

"Miye sikopiaka, mujomba," aliniambia. Hakulia. Alikuwa na hasira, na kwa hasira ile nikamwamini.

Shule ilikuwa inatafuta mtu wa kukrepi ukuta wa nje, kuupaka saruji mpya. Nikaomba kazi ile bila kusema mimi ni nani. Madirisha hayakuwa na vioo. Siku tatu nilisukuma mwiko wangu polepole kuliko fundi yeyote wa Ituri, macho yangu yakiwa ndani ya darasa.

Aliyesoma kwetu anaijua hesabu ya kichwa. Kila mtoto ana kibao cheusi na chaki. Mwalimu anauliza, saba mara nane, kisha anagonga meza kwa rula: andikeni. Anagonga tena: chaki chini. Anagonga mara ya tatu: vibao juu. Anayechelewa, sifuri. Anayetupa jicho kwa jirani, sifuri.

Mpwa wangu aliketi dawati la nne. Swali alilisoma mdomoni mwa mwalimu. Aliandika haraka, akaweka chaki chini, halafu akageuza kichwa kushoto. Wenzake walipoinua vibao, naye akainua.

"Mumeona?" mwalimu akasema. "Tena. Sifuri."

Jibu lilikuwa sahihi. Nililiona mimi, niliyeacha shule. Na alikuwa ameshaliandika kabla ya kugeuka. Hakuwa akitafuta jibu kwa jirani, alikuwa akiangalia kama wenzake wamesikia rula ikigonga. Meza ilijificha nyuma ya vichwa vya watoto wa mbele, na sikio lake halikuipata sauti ya rula. Nilingoja siku ya pili na ya tatu ili nisije nikajidanganya. Ilikuwa vilevile kila mara.

Alhamisi niliingia darasani na saruji mikononi.

"Samahani, mualimu. Ule mutoto haiko anakopia."

"Weye ni fundi ao ni inspekta?"

Watoto wakacheka.

"Ni mujomba yake."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano. Na sikumaliza."

"Basi uachie bale balimaliza."

Nilibaki nimesimama pale pale. Kelele zikamleta mama mkurugenzi, mkuu wa shule, naye akasikiliza pande zote mbili kabla ya kunigeukia kwa upole, ule upole wa kumtoa mtu mlangoni.

"Papa, siye hatuna materiel, vifaa ya batoto ba vile. Iko masomo yabo, ya bale habasikie. Umupeleke kule."

"Mukono ya mualimu ni materiel, mama? Ainue rula juu pahali ya kugonga. Ni ile tu."

"Na bale bengine hamsini?"

"Bale biko na macho."

Nikaendelea kabla hajapata neno.

"Umuweke mbele, peke yake. Kama anakopia, akopie ukuta."

Mama mkurugenzi akaichukua rula mwenyewe. Dawati likasogezwa mbele, mtoto akaketi bila jirani. Maswali yalikuwa kumi. Kila mara rula ilipopanda hewani, kibao chake kilipanda nayo. Tisa yalikuwa sawa. La kumi alikosea, tisa mara sita, ambalo hata mimi nililihesabu kwa vidole mfukoni.

"Abaki," mama mkurugenzi akasema. "Akae pale pale mbele."

"Na zile sifuri?"

"Tutaangalia."

"Tuangalie sasa, mama."

Mwalimu alifungua daftari la alama kama mtu anayefungua kidonda. Akazikata moja moja kwa wino mwekundu. Hakuomba msamaha. Sikuuhitaji, nilihitaji wino.

Jioni dada yangu alifunga kuku miguu.

"Utamupelekea mualimu. Ni adabu."

"Kuku ya nini? Ya kuinua mukono?"

"Weye utaondoka tena, bote tunajua. Siye ndiyo tutabaki na ule mualimu."

Hapo alisema kweli. Lakini kuku nilimfungua. Mtu akilipwa kuku kwa kumfundisha mtoto aliye mbele yake, mwaka ujao atataka mbuzi.

Jumatatu niliingia ofisini kwa mama mkurugenzi mikono mitupu. Nilitaka tuzungumze juu ya dikte, yaani imla, ambayo mwalimu huisoma akitembea kati ya madawati, mgongo kwa mtoto. Alisema ana kazi nyingi. Nikavuta kiti, nikakaa.