Chati ya Timu za Kiarabu na Posa ya Hayes

Safari hii niliifunga kwa sababu ya posa iliyovunjwa na mpira. Mdogo wangu Zuhura, muuguzi katika hospitali moja magharibi mwa London, alikuwa amempata Ibrahimu, Mngazija mpole wa Komoro anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na Heathrow. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii wa Zuhura ni Ami Faraj, mdogo wake baba, anayeishi naye nyumba moja huko Hayes. Ibrahimu alikwenda kuposa, akaandaliwa kahawa na halwa, na hata hajameza kipande cha pili Ami akamtupia swali analowauliza wageni wote: katika timu za taifa za Kiarabu, ipi imefanya vizuri zaidi kwenye mashindano? Kwa Ami jibu ni moja tu, Moroko. Ibrahimu akajibu Komoro. Ami alicheka mpaka akapaliwa na kahawa, kisha akasema mtu asiyejua Mwarabu ni nani hawezi kupewa binti wa watu.

"Dada, njoo na takwimu zako," Zuhura aliniambia kwenye simu, kilio na kicheko vimechanganyika. "Mimi ameshanichoka. Wewe atakusikiliza."

Mimi nafundisha takwimu chuoni hapa Mombasa, na nyumbani najulikana kwa kuharibu mazungumzo ya mpira kwa kuleta chati. Kwa mara ya kwanza ukoo ulikuwa na haja na kasoro hiyo. Likizo ilipofika nikafunga virago.

Angani, baada ya kuondoka Nairobi, nilifungua kompyuta nikamalizia kazi. Kuhesabu vikombe peke yake ni kuwaonea wanyonge, maana kuna timu inayopangiwa vigogo kila mara. Kwa hiyo niliichukua kila timu nikalinganisha matokeo yake na yale yaliyotarajiwa kwa kutazama imekutana na nani. Saudia walipanda kwa kuwafunga Argentina kwenye Kombe la Dunia kule Qatar. Moroko, waliofika nusu fainali ya Kombe hilo hilo, wakakaa juu ya wote. Nilifurahi, nakiri. Mpango wangu ulikuwa nimpe Ami ushindi wake, moyo wake ulainike, kisha nimwombee Ibrahimu.

Heathrow asubuhi, Zuhura alinipokea na koti zito, tukapanda treni ya Elizabeth na kabla hatujapasha viti joto tukawa Hayes. Ami alitungoja mlangoni, kikoi kiunoni na koti la baridi juu. Hakuniuliza habari za safari.

"Umekuja na hesabu?"

"Nimekuja nazo, Ami."

"Moroko?"

"Subiri Jumapili, Ami. Tutazitazama pamoja na Ibrahimu."

"Huyo naye aja?" Alinuna mpaka chakula cha mchana.

Jumamosi, Southall, mtaa wa jirani. Ami alinichukua kwenda kununua vitu vya biriani. Mwenye duka, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, alituona tu akapaza sauti, "Karibu mama! Mihogo fresh iko, bei ya Kisumu!" Bei haikuwa ya Kisumu hata kidogo, lakini tulinunua. Tulipokuwa tunarudi na mifuko, Ami alisimama kwenye kituo cha basi akawa anaitazama ile mihogo badala ya kunitazama mimi.

"Zuhura akiolewa," akasema, "mimi ntatazama mpira na nani? Na kuta?"

Nilishikwa na huruma. Tangu mkewe afariki, Zuhura ndiye anayekaa naye kwenye kochi. Akitoka kazini amechoka namna gani, hukaa naye mpaka kipenga cha mwisho, na mpira wenyewe haupendi.

Jumapili, Hayes, baada ya biriani, nikaunganisha kompyuta na televisheni. Chati ikatokea, Moroko kileleni. Ami akapiga mapaja makofi. Ibrahimu, aliyekuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, alisogea akaisoma jina kwa jina, kutoka juu hadi chini, kisha akarudia kutoka chini hadi juu.

"Samahani, dada," akasema taratibu. "Sisi tuko wapi?"

Nilitamani zulia linimeze. Komoro walikuwemo kwenye orodha niliyoipata. Nchi yao imo katika jumuiya ya mataifa ya Kiarabu. Mimi ndiye niliyewafuta. Nilipoliona jina lao nilidhani mtu amekosea, kama Ami alivyodhani Ibrahimu amekosea, kwa sababu kwetu Mombasa Mngazija ni jirani, ni shemeji, ni fundi wa kanzu. Nani amkumbuke kuwa ni Mwarabu wa kwenye mashindano?

"Hata kompyuta imewakataa!" Ami alishangilia.

"Haikuwakataa, Ami. Nimewafuta mimi, na nimekosea."

Nikawarudisha pale pale, mbele ya macho yao. Katika mashindano yao makubwa ya kwanza barani Afrika waliwafunga Ghana wakavuka makundi, na mechi iliyofuata, makipa walipokosekana, wakamsimamisha beki golini. Chati, iliyopima kila timu ilivyozidi matarajio, ikajipanga upya. Komoro wakapanda, wakapanda, wakakaa juu ya Moroko.

Ami alisimama. "Timu yaweka beki golini, kisha iwe juu ya Moroko?"

"Na beki mwenyewe aliokoa, Ami," Ibrahimu akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumbishia.

"Wamecheza mechi ngapi hao? Za kuhesabu kwa vidole! Huwezi kumhukumu mtu kwa mechi chache hivyo!"

"Hapo umesema kweli, Ami," nikamwambia. "Hata mimi darasani ningesema vivyo hivyo."

Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Na Ibrahimu umemwona mara ngapi, Ami?"

Hakuna aliyecheka. Ami alikaa, akaitazama chati, akamtazama Ibrahimu, akamwuliza kama anakunywa chai ya tangawizi.

Siku zilizobaki Ibrahimu alikuwa akifika kila akimaliza shifti. Walitafuta mechi za zamani, wakagombana juu ya kila ofsaidi, na nilipojaribu kuleta chati waliniambia kwa pamoja niifunge.

Nilikwenda London nikidhani Ami ana kosa la hesabu. Hakuwa nalo. Alikuwa na hofu ya kuachwa, na katika mistari yote ya hesabu niliyoijaza sikuwa na mahali pa kuiweka.

Siku ya kurudi, Ibrahimu aliendesha gari, Ami akiwa mbele, mimi na Zuhura nyuma. Kwenye uwanja wa ndege Ami alinibebea mzigo mpaka mahali ambapo wasindikizaji hawaruhusiwi kupita.

"Mwambie mamako nimekubali. Aanze matayarisho," akasema.

Nikambusu mkono, macho yamenijaa machozi.

"Jumapili hii Zuhura yuko kazini," akaongeza, akijitengeneza kola kana kwamba ni jambo dogo. "Ibrahimu yuaja vivyo hivyo. Nimemwambia awahi, mechi yaanza saa nane."