Mbegu ya Mama Mkwe

Juzi, kwenye baraza ya kadhi hapa Chake Chake, mke aliyepewa talaka moja alidai kitu kimoja tu: vijiti vyote vya mbegu ya muhogo aliyokuja nayo kutoka kwa mamake, kijijini Wawi.

“Utamu wa muhogo ule na harufu yake ni vya udongo wangu!” mume akafoka.

“Basi apande mbegu ya kwao,” mke akasema taratibu.

Kadhi akamgeukia mume. “Ulishaipanda?”

Akakuna ndevu. “Udongo huo huo, Shehe. Hutoka mchungu.”

“Basi utamu ni wa mbegu. Achukue vyake.”

Mume akaruka. “Shehe, nimemrejea mke wangu!”

Eda ilikuwa haijaisha, kwa hiyo ndoa ikarudi palepale. Kadhi akavua miwani. “Umerejea mke au muhogo?”

Sheria haimlazimu mume kujibu swali hilo. Mke akajibu: “Muhogo, Shehe. Lakini mpishi ni mimi.”